Wageni wa Jumamosi

Jumamosi zilikuja na vumbi. Naserian, akiwa mlangoni kwake nje ya Kisaju, kando ya barabara ya Namanga, aliweza kujua ni wageni wa aina gani wanaokuja kabla hajaona rangi ya gari. Vumbi la haraka, lililonyooka, lilikuwa la vijana wa Nairobi waliokuja kuchoma nyama na kufungulia redio ya gari mpaka mbuzi wakatawanyika. Vumbi la polepole, linalosimama na kuanza tena, lilikuwa la baba mwenye familia anayeogopa mawe yasikwaruze tumbo la gari lake. Vumbi zito, la kuziba milima ya Ngong, lilikuja baadaye, kuanzia mwaka wa 2001, na hilo lilikuwa la basi la watu waliotoka mjini kutazama ploti.

Wote walifika asubuhi, wote walirudi kabla ya giza. Walisema wametoka kupumua. Naserian alipolisikia neno hilo mara ya kwanza alimwuliza mumewe, Katoo, kwani siku nyingine zote wanafanya nini huko Nairobi. Katoo alicheka. Aliwapenda wageni wale wa mwanzo, wa mwaka wa tisini na sita, tisini na saba. Hapakuwa na ua wakati ule. Mtu aliiacha lami mahali popote, akaja na gari lake mpaka kwenye kivuli kilichompendeza. Walimletea Katoo sigara na magazeti ya juzi, naye alikaa nao kitako akawasimulia habari za simba, nyingine za kweli. Wake zao walimwuliza Naserian choo kiko wapi, akawaonyesha nyika nzima kwa mkono. Watoto wao walikimbia ovyo hadi wakachoka, kisha wakasimama wakiwa wamepigwa na butwaa, maana hawakujua la kufanya na mahali pasipo na mwisho.

Hakuwa na ugomvi nao. Aliwapa maziwa, wakayanusa kwanza, wakayanywa. Kisha jioni moja alikuwa akirudi na maji, akapitia chini kwenye mgunga mkubwa, akakuta majivu yenye moto bado, mifupa, vifuniko vya chupa, na mawe matatu yaliyopangwa kuwa mafiga. Mawe yale yalikuwa ya mtoto wake.

Mtoto alikuwa msichana, wa kwanza kuzaliwa. Alikufa mwaka wa 1991, msimu wa mvua, wakati udongo mweusi wa nyika ile unashika gurudumu na mguu sawasawa. Kifua kilimbana usiku kucha. Kulipopambazuka Naserian alimbeba mgongoni hadi kwenye lami, atafute gari la kumfikisha Kajiado hospitalini. Malori yalipita na shehena zake, yakamrushia maji ya tope. Lililosimama mwishowe lilimkuta na mtoto aliyekwisha nyamaza. Dereva alishuka, akamtazama, akavua kofia, na badala ya kumpeleka Kajiado akamrudisha nyumbani, mpaka pale gari lilipoweza kufika.

Katoo na nduguye walimzika chini ya mgunga. Wanawake hawakwenda. Mama mkwe wa Naserian, ambaye wajukuu wote wa mji ule walimwita Kokoo, ndiye aliyemwonyesha mahali, na hata yeye hakunyosha kidole. Aligeuza uso upande ule kidogo tu, kisha akaendelea kukamua mbuzi.

Tangu siku hiyo jina la mtoto halikutajwa. Ndivyo walivyolelewa: aliyekufa haitwi. Jina lake huwekwa chini pamoja naye, na ikilazimu kumsema, mtu husema yule. Akiitwa, wazee walisema, anasikia, na aliyesikia hawezi tena kulala. Kabla ya hapo Naserian aliitwa Ng'oto kisha jina la mtoto huyo, yaani mama yake fulani, kama mama yeyote wa kwao anavyoitwa. Kesho yake wanawake walimsalimia kwa jina lake la usichana. Alipojifungua Lorna mwaka uliofuata wakaanza kumwita Ng'oto Lorna bila kusitasita, kana kwamba ndiye wa kwanza. Naserian aliitikia. Aliona hawana ubaya. Walikuwa wanamlinda yeye na wanamlinda mtoto.

Mawe yalikuwa jambo lake mwenyewe. Kwa desturi, fungu la mawe ni la mzee mkubwa, mwenye ukoo na mifugo. Apitaye kaburi lake huongeza jiwe. Mtoto wa miaka minne hawekewi. Lakini Naserian alipita pale akienda na kurudi majini, na kila apitapo aliokota jiwe akaliacha kama aliyeliangusha, mara la ukubwa wa ngumi, mara la kubebwa kwa mikono miwili. Hakulia pale. Hakusema neno. Fungu lilikua mpaka likafika magotini. Katoo aliliona likikua, naye hakuuliza.

Jioni ile aliyafunga mafiga yale kwenye shuka yakiwa bado na joto, akayarudisha. Tangu hapo, kila Jumamosi jioni, wageni wakishaondoka, alishuka kutazama.

Ukame wa mwaka 2000 ndio uliomgeuza Katoo. Ng'ombe walikufa wamesimama, walikufa wamelala, walikufa kwenye maegesho ya malori kule Bisil wakingoja kuuzwa kwa bei ya ngozi. Aliyekuwa akisimulia habari za simba alirudi nyumbani na fimbo na mbuzi wachache, akakaa kimya mwezi mzima. Halafu akaja Githinji.

Githinji alikuwa broka wa mashamba, na ofisi yake ilikuwa Kitengela, juu ya duka la saruji. Alivaa kofia ya kamba na viatu vya mvua hata wakati wa kiangazi. Alikuwa mcheshi kupita kiasi. Alimwita Katoo shemeji, ijapokuwa hakuna aliyejua udugu huo ulitokea wapi. Shamba lilikatwa vipande kutoka lami kuja chini, na kila Jumamosi Githinji alileta basi kutoka Nairobi. Safari ilikuwa ya bure. Wageni walipewa mkate na soda njiani, na walipofika waliandaliwa chai ya maziwa chini ya turubai. Kazi ya kuipika ilikuwa ya Naserian. Githinji alimwomba avae shanga zote alizo nazo, kwa sababu, alisema, watu wa mjini wakiona shanga wanaamini udongo.

"Hapa mama," alikuwa akiwaambia, "ukifungua dirisha asubuhi unasalimiwa na twiga. Nairobi unasalimiwa na nani? Na askari wa kanjo."

Walicheka. Walitembea na viatu vyao vya kanisani juu ya miiba, wakapima kwa hatua, wakaonyeshana jikoni patakuwa wapi na sebuleni patakuwa wapi. Naserian alipita katikati yao na birika. Aliwasikia wakigombana kwa sauti ya chini kuhusu vyumba vya kulala, na aliwahurumia kidogo. Walikuwa watu waliochoka kupanga nyumba za wenyewe.

Ploti za juu zilikwisha. Ua ukaingia, wa nyaya na nguzo, na nyumbu waliokuwa wakija na mvua wakasimama upande wa pili siku mbili tatu, kisha hawakuja tena. Mwaka wa 2003 Githinji aliwavusha wageni mpaka chini, akasimama karibu na mgunga. Mwanamume mmoja aliuliza yale mawe ni ya nini.

"Hayo ni ya savea," Githinji alisema. "Aliyaacha alipomaliza kupima. Utajengea msingi, umeokoa lori moja."

Naserian alikuwa akimmiminia mtu chai. Alimimina mpaka ikafurika kwenye kisahani, yule mtu akamgusa mkono.

Jioni alimngoja Katoo amalize kula. Alikuwa ameyapanga maneno tangu mchana.

"Ule upande wa chini," alisema, "usiuze pale kwenye mgunga."

"Migunga iko mingi."

"Unaujua ule."

Katoo alisukutua mdomo kwa maji, akatema nje. "Kuna nini pale?"

Naserian alikusanya vyombo.

"Nauliza kuna nini. Kama kuna kitu, kiite. Kiite nisikie, na mimi nitaenda kwa Githinji nimwambie kuna kitu kinaitwa hivi na kipande kile hakiuzwi."

Naserian alimtazama. Haikuwa hasira iliyokuwa usoni kwake, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alikuwa mtu mwenye haya, aliyeshika desturi ile mkononi kama ngao, akijificha nyuma yake. Alijua mkewe hatalitaja. Alijua pia kwamba watu wa Nairobi hawanunui kaburi, na wakisikia habari ya moja wataanza kuulizia mengine.

"Hakuna," Naserian alisema.

"Basi," alisema Katoo, na akaomba chai.

Siku zilizofuata alikwenda na kurudi majini kwa njia ile ile, na akili yake ikawa juu ya jambo moja tu: shimo. Watu wa mjini, kabla hawajainua ukuta, huchimba shimo la choo. Aliwaona kwenye ploti za juu wakilichimba, wanaume wawili, mmoja ndani na mmoja juu na ndoo. Walichimba popote palipo laini. Na pale palikuwa laini, palikwisha chimbwa.

Achola alikuja na basi la Githinji mwezi wa sita. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mwanamke mnene kidogo wa miaka thelathini na kitu, mwenyeji wa Ugenya, aliyepanga nyumba Donholm pamoja na mumewe Otiende na watoto wao wawili. Wenzake walipokwenda kunywa chai yeye alishuka peke yake hadi kwenye mgunga. Naserian alimfuata na kikombe. Alimkuta amesimama amevua viatu, kavishika mkononi.

"Mama, hapa kuna mtu," Achola alisema.

Naserian alimpa chai.

"Mimi si mgeni wa makaburi. Huyo mzee ananiambia savea. Savea gani anapanga mawe hivi?" Alikunywa kidogo. "Ni mdogo, ama?"

Naserian aliitikia kwa kichwa.

"Wako?"

Akaitikia tena.

Achola aliketi chini palepale, na gauni lake la kutokea. Alisema na yeye yuko na wake, wa kwanza, maana mwanawe Lennox ni wa pili. Huyo wa kwanza amelala kwao Ugenya, nyuma ya nyumba ya bibi yake, na kila Disemba anapokwenda nyumbani anamwosha saruji kwa maji na sabuni, anamwambia habari za mwaka. Alieleza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesimulia habari za mtoto aliye bwenini. Kisha akauliza, "Wako anaitwa nani?"

Hakusema aliitwa. Alisema anaitwa.

Naserian hakujua baadaye kwa nini alifanya vile. Pengine ni kwa sababu yule mwanamke hakuwa wa kwao, na alidhani jina likiingia katika sikio la mgeni wa siku moja litaondoka naye jioni, lipotelee Nairobi. Pengine ni kwa sababu alikuwa amelibeba miaka kumi na miwili bila kulitua. Alilitaja. Alilitaja polepole, lote, na la kupanga pia ambalo yeye peke yake alimwita. Akaketi karibu na Achola, na Achola akalia kwa sauti, wazi, kama wanavyolia kwao, mpaka Githinji akaja mbio kuuliza kama ni nyoka.

"Nataka hii," Achola alimwambia, akipangusa macho. "Hii hapa. Na hii pembe hakuna mtu atagusa."

Otiende alipoletwa Jumamosi iliyofuata hakupendezwa. Naserian alimsikia kutoka kwenye turubai. "Sisi hata watu wetu hatuziki huku," alikuwa akisema, "sasa tununue wa wenyewe? Achola, watu wakiuliza nyumbani nitasema nini? Nimenunua ploti iko na mtu tayari?" Achola alimjibu kwa Kijaluo, maneno machache. Walinunua.

Ilikuwa karibu miaka miwili ya amani. Achola na Otiende hawakuwa na uwezo wa kujenga. Waliweka ua na kibanda cha mabati, na Jumamosi nyingi walikuja tu kushinda. Walitandika mkeka, wakachemsha mchele, Otiende akasoma gazeti lake na kulilalia, Lennox akarusha mawe kwa kombeo, na Whitney, aliyekuwa na miaka mitano, akakusanya miiba ya mgunga kwenye kopo. Achola alimletea Naserian unga na sukari, na siku moja sweta la Lorna. Kwenye pembe ya mgunga aliacha mwanya katika ua, wa mtu kupita. Naserian aliendelea kupita akiwa na jiwe lake. Hakuna aliyechimba pale. Alianza kulala usingizi wa kuamka asubuhi.

Karibu na Pasaka ya mwaka 2005 alikuwa kule Bisil kwa kaka yake, ambako Katoo alikuwa amehamishia mbuzi kutafuta majani. Alikaa huko wiki nzima. Alirudi Ijumaa jioni amechoka, akalala. Asubuhi aliona vumbi zito, akashangaa, maana Githinji hakuwa amesema ataleta basi. Halafu Whitney akaja mbio mpaka mlangoni.

"Mama anasema mkuje. Na shosho pia akuje. Kuna surprise."

Kokoo, shosho mwenyewe, aliuliza mtoto anasema nini. Naserian alimwambia wameitwa chai. Mwanamke mzee alijifunga shuka yake safi, akashika fimbo, wakaenda, na majirani wawili wakafuatana nao kwa sababu ya neno chai.

Chini ya mgunga walisimama wanawake wa kanisa la Achola, kama ishirini, wamevaa vitambaa vyeupe kichwani. Walikuwa wametoka Nairobi alfajiri na sufuria zao. Fungu la mawe halikuwapo. Mahali pake palikuwa na kitanda cha saruji kilicholainishwa vizuri, kimepakwa chokaa, na kichwani pake msalaba wa chuma. Kwenye msalaba, kwa rangi ya buluu, herufi kubwa za mwalimu wa darasa la kwanza, palikuwa na jina. Naserian alikuwa amesoma ngumbaro kanisani. Alilisoma kabla hajaweza kuyazuia macho.

Achola alimshika mkono. Uso wake uling'aa. Alikuwa ameficha jambo hili kwa wiki nyingi, akamleta fundi kutoka Kitengela, akambembeleza Otiende mpaka akakubali. Aliwageukia wenzake. "Huyu ndiye Mama—" alisema, na akamwita kwa jina lile ambalo wanawake wa kwao waliacha kumwita asubuhi ile ya mwaka wa tisini na moja.

Wanawake wa kanisa walimsalimia wote kwa pamoja, kwa jina hilo hilo. Kisha wakaomba. Kila aliyeomba alilitaja, maana ndivyo wanavyomwombea mtu, kwa kumtaja, Mungu asije akamkosea na mwingine. Naserian alisimama na mikono yake imeshikwa huku na huku, hawezi kuziba masikio. Walidhani amezidiwa na shukrani. Mmoja alimpangusa uso kwa leso yenye harufu ya poda.

Alipogeuka, Kokoo alikuwa amekwisha fika nusu ya njia ya nyumbani, akienda kwa mwendo ambao hakuna aliyedhani bado anao. Majirani wawili walikuwa nyuma yake.

Mama mkwe hakumgombeza. Alikataa tu uji siku hiyo, na siku ya pili, na siku ya tatu Naserian alipouweka mbele yake akauliza, "Nani alilitoa?"

"Ni mimi."

Kokoo aliusogeza uji kando kwa mgongo wa mkono. "Sisi tulimlaza," alisema. "Wewe umemwamsha, umempa watu wa barabarani."

Jumamosi iliyofuata Naserian alikwenda kwa Achola. Alikuwa amejiandaa kueleza, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha maziwa na chai na salamu, hakikufika huko. Alisema msalaba ni mzuri. Alisema ahsante. Kisha alisema, kama Achola anaweza, afute maandishi.

"Nifute?" Achola aliiweka sufuria chini. "Limekosewa?"

"Halijakosewa."

"Sasa nifute nini, Mama Lorna? Nifute mtoto?"

"Kwetu haitwi."

"Hata na mama yake?"

"Hata na mama yake."

Achola alimtazama kwa muda, na Naserian aliona jinsi furaha ya yule mwanamke ilivyokuwa ikimtoka usoni kidogo kidogo. Alitamani kuyarudisha maneno yake. Achola alisema, kwa sauti ya chini, kwamba kwao kufuta jina la mtu kaburini ni kumzika mara ya pili bila nguo. Hawezi. Mikono yake haitakubali. Kama Naserian anataka, aende yeye na brashi ya rangi, yeye Achola atageuka atazame upande mwingine, hatamzuia.

Naserian alifikiri juu ya jambo hilo. Alijiona na brashi mkononi, akipaka juu ya herufi moja moja. Hakuweza na yeye. Walikunywa chai. Nyuma yao, Whitney, ambaye sasa alikuwa akijifunza kuunganisha herufi, alikuwa amepiga magoti mbele ya msalaba na kidole chake kikipita juu ya rangi ya buluu, akisoma silabi baada ya silabi, kisha lote kwa mkupuo, tena na tena, akifurahia kwamba ameliweza. Hakuna aliyemnyamazisha. Kwa nini anyamazishwe, alikuwa anasoma.

Mwezi wa nne shule zilifungwa, Lorna akarudi kutoka bwenini Kajiado. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mrefu, mwenye maswali. Siku ya pili alitembea mpaka kwenye ploti ya akina Lennox, na jioni, wote wakiwa karibu na moto, baba yake, bibi yake, mama yake, alilitaja. Alilitaja kama anavyotaja jina lolote la mtoto wa shule. Akauliza, "Ni dada yangu? Mbona sikuambiwa niko na dada?"

Kokoo aliinuka akatoka nje. Katoo alibaki akitazama moto. Alikuwa mtu ambaye kwa miaka mingi ulimi wake ulikuwa mwepesi mbele ya wageni na mzito nyumbani. Lorna aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akaelewa kwamba amefanya kosa, asielewe ni kosa gani. Alianza kulia kwa hofu.

Naserian alimpeleka kitandani. Alimfunika, akangoja apate usingizi. Mtoto hakulala vizuri. Aligeuka-geuka, na alfajiri aliamka na homa. Ilikuwa homa ya kawaida, dawa ya duka iliishusha kesho yake. Lakini Naserian alikuwa amekwisha sikia, katika masaa yale, kila jani la nje na kila mbuzi anayekohoa, akajua kwamba hatakuwa na usiku mwingine mahali pale usio wa kusikiliza.

Aliacha kupita kwenye mwanya. Alichota maji kwa kuzunguka, upande wa bwawa la zamani, njia ndefu zaidi. Jumamosi, Achola aliposimama uani akampungia mkono, alipunga naye, kisha akaingia ndani. Baada ya muda Achola akaacha kutuma sukari. Wakawa watu wanaosalimiana kwa mbali.

Kiangazi kile kirefu kilipoingia, Katoo alirudi kutoka Bisil kuwatazama, akamkuta mkewe amekaa juu ya kigoda nje ya nyumba na hakuna kilichokuwa motoni.

"Uza," Naserian alimwambia.

"Niuze nini?"

"Kilichobaki. Chote. Mwite Githinji."

Katoo alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amezeeka usoni kuliko mwilini. "Ni wewe ulinikataza kule chini," alisema. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waoane, akamwomba radhi, lakini kwa njia yake, bila kusema ni kwa lipi. Alisema Bisil kuna mahali karibu na kwa kaka yake. Hakuna anayetoka Nairobi kwenda kushinda Bisil. Magari ya watalii yanapita tu, madirisha yamefungwa, yakielekea kwenye ndovu.

"Twende huko," alisema Naserian.

Githinji alileta basi mara ya mwisho mwezi wa kumi na moja. Alisimamisha turubai karibu kabisa na nyumba, kwa kuwa sasa nyumba yenyewe ilikuwa ndani ya ploti. Naserian alivaa shanga zake zote kama alivyoombwa, akapika chai. Vyombo vyao vilikuwa vimefungwa tayari, vimeegemezwa ukutani, na wageni waliviruka wakipima vyumba vyao kwa hatua. Kutoka chini kwenye mgunga upepo ulileta sauti ya watoto wakicheza, na jina lile likiwa katikati ya mchezo wao, wakimwita aje.

Mwanamke mmoja kijana, mjamzito, alikuja kupokea kikombe. Alikuwa amejipangusa vumbi usoni likabaki kwenye nyusi. Alimwuliza Naserian kwa heshima kama yeye ni mwenyeji, na kama hapa ni mahali pazuri pa kulea mtoto.

Naserian alimjazia kikombe. Alimwambia ni pazuri, upepo ni safi, na mtoto atakimbia mpaka achoke.